Palizi

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha hodi.
Inaingia Machi, inaketi, inaondoka ikijisikia,
na mwaka ule ilinikuta nimekwisha kufunga
mlango, dirisha, na kinywa.

Ipyana alikuwa na miaka saba.
Homa ilimchukua kati ya Alhamisi na Jumamosi.
Jina lake, kwa lugha yetu, ni neema.
Nililirudia jina lile kama mtu anayehesabu chenji
na kuona amepunjwa.

Mganga wa ng'ambo ya Kiwira alinipa kioo.
"Tazama," akasema, "utamwona."
Nilitazama. Niliona uso wangu, niliona moshi,
kisha, kwa kuwa nilitaka kuona,
nikamwona Tusekile, jirani yangu,
mwenye mkono wa kushoto na migomba minono.
Nililipa kuku wawili na kitenge kipya.
Hirizi nikaizika chini ya kizingiti,
nikawa nakiruka kila nitokapo,
mimi, katika nyumba yangu, kama mwizi.

Miaka mitatu.
Kanisani nilikwenda, usidhani sikwenda.
Niliimba sauti ya pili. Nilitoa sadaka.
Tusekile akikaa kulia, mimi nakaa kushoto,
na kikombe cha meza ya Bwana kikipita kwake kwanza
nilikigusa kwa midomo iliyofungwa.
Giza si kukosa taa, ndugu yangu.
Nilikuwa na taa mbili na mafuta ya akiba.

Kaburini sikukanyaga.
Nilijiambia: majani yamekwisha kumla mara ya pili.

Pasaka ile matarumbeta yalipita saa kumi usiku,
vijana wakipuliza, midomo imekufa ganzi kwa baridi,
na sijui ni nini kilichonitoa kitandani.
Si ndoto. Si sauti.
Labda kuchoka tu. Mtu huchoka kuruka kizingiti chake.
Siku ile nilikikanyaga.

Tulishuka makaburini, Wamoraviani kwa desturi yetu,
na kandili, na tochi za simu, na watoto ndani ya mablanketi,
kulisubiri jua katikati ya wafu wetu
na kuliambia kaburi kwamba halikushinda.
Ukungu ulikuwa wa kukata kwa panga.
Nilipapasa msalaba hadi msalaba
nikijiandaa kukuta msitu.

Hapakuwa na msitu.
Palikuwa na palizi ya juzi,
udongo mweusi, laini, umevunjwavunjwa kwa vidole,
na maua meupe yameoteshwa kichwani pake.
Nikainamisha taa.
Alama za jembe zote zilielekea upande mmoja,
upande usio wa watu wengi.
Kwetu kijijini anayelima vile ni mmoja.

Mchungaji akasema, "Kristo amefufuka."
Watu wakaitikia. Mimi sikuweza.
Koo lilikuwa limejaa miaka mitatu.
Tusekile alikuwa hatua nne kutoka kwangu,
kanga imelowa, ananitazama
kama mtu aliyekutwa akiiba.

"Tangu lini?"
"Tangu mazishi," akasema. "Nilijua huwezi kuja.
Na kwa nini huwezi, nilijua."

Alijua.
Alijua, na kila palizi alikuja na jembe lake.
Nimesikia mahubiri mengi juu ya Yule
aliyewaombea waliomshitaki bure.
Sikuwahi kuyaona yameshika mpini.

Jua? Halikutoka.
Aprili, Rungwe: hata mlima hatukuuona.
Mchungaji alitazama saa yake, akatangaza kumekucha,
tukamwamini.

Nilirudi nyumbani nikachimba kizingiti kwa kisu cha jikoni.
Kitambaa. Mkaa. Uzi mwekundu. Kucha za nani sijui.
Vitu vidogo mno.
Tusekile alinishikia taa, ingawa ilikuwa saa mbili asubuhi,
na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuizima.